Tuchague Ekseli Gani kwa Gari la Shule?



Kamati imenipa nafasi nizungumze juu ya pikapu ya shule. Habari yake mnaijua. Ni Toyota Hilux ya mwaka 1999, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo chama chetu kililinunua likiwa limekwisha tumika. Injini yake nzima, gia boksi nzima, bodi si mbaya. Ugonjwa uko katika miguu ya mbele. Barabara yetu ya mawe imeila. Mipira inayofunika viungo vya ekseli hupasuka, mchanga huingia, bol jointi hulegea, na kila muhula shule inatoa fedha kwa ugonjwa ule ule.

Katika mkutano uliopita ilitolewa hoja kwamba tung'oe miguu yote ya mbele, na badala yake tufunge ekseli moja nzima, ngumu, kama ya Land Cruiser za zamani. Michango imeanza kuingia. Kwa kuwa kazi yangu serikalini kwa miaka mingi imekuwa kusimamia magari, nimeombwa nieleze namna ya kuchagua ekseli hiyo na springi zake kabla senti moja haijatumika.

Jambo lenyewe si dogo. Gari hili ndilo huleta unga na maharage. Gari hili ndilo humpeleka hospitali mwanafunzi aliyeugua usiku. Likifungwa vizuri litatufaa miaka mingi. Likifungwa vibaya, siku moja litamshinda dereva kwenye mteremko, na hapo hatutazungumza tena habari ya michango.

Tofauti iko wapi

Kwanza tuelewane. Gari letu la sasa lina miguu ya mbele inayojitegemea. Kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, difu imefungwa kwenye chesesi, na uzito hubebwa na fimbo mbili za chuma zinazojisokota, ambazo mafundi huziita torsheni baa. Katika barabara ya lami mpango huu ni mzuri sana. Gurudumu moja likikanyaga shimo, la pili halina habari.

Ekseli ngumu ni bomba moja la chuma toka gurudumu hadi gurudumu, na difu imo ndani yake. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia hukandamizwa chini, likashika ardhi. Tena, difu hupanda pamoja na tairi. Katika gari letu la sasa, bodi ikizama kwa mzigo au kwa shimo, difu nayo huzama pamoja nayo na kuyakaribia mawe. Kwa ekseli ngumu, nafasi kati ya difu na ardhi huamuliwa na ukubwa wa tairi tu, mzigo uwepo usiwepo. Na viungo vyake viko ndani ya mpira wa chuma uliojaa grisi, si ndani ya mfuko wa mpira laini unaochanwa na kijiti.

Lakini msidanganyike kwamba ekseli ngumu haina ila. Ni nzito, na uzito wake wote hurushwa na kila tuta. Katika barabara yenye mikunjo kama bati, gari litatikisika kuliko sasa. Bushi zikichakaa, stelingi inaweza kuanza kutetemeka kwa nguvu hata dereva ashindwe kuishika. Kwa hiyo tunabadilishana: tunatoa ulaini, tunapata uimara na urahisi wa kutengeneza. Kwa barabara yetu, mimi naona badilishano hilo ni halali.

Wala si jambo geni. Hilux za kwanza zilizovuta kwa magurudumu manne, kuanzia mwaka 1979, zilikuwa na ekseli ngumu mbele. Huko Marekani toleo la mwaka 1986 lilikuja na miguu inayojitegemea, na wenye kupenda njia mbaya wakaanza kwenda kwenye majalala ya magari kutafuta ekseli za miaka ya 1979 hadi 1985 wazifunge katika magari mapya. Katika nchi nyingine nyingi, Hilux ya ekseli ngumu iliendelea kuuzwa hadi mwaka 1997. Ndiyo maana ekseli hizo, na spea zake, bado zinapatikana kwetu.

Ekseli kwanza

Wengi wakianza kazi hii huanza na springi. Wanauliza, “Tulinyanyue gari kiasi gani?” Huko ni kushona kanzu kabla ya kumpima mtu. Ekseli huchaguliwa kwanza, na huchaguliwa kwa mambo matano.

La kwanza ni upande wa difu. Difu ya mbele haikai katikati. Iko kushoto au kulia. Propela inayotoka kwenye gia boksi ndogo, ile mafundi wanayoiita transfa, nayo hutokea upande mmoja. Pande hizi mbili lazima zilingane. Ekseli yenye difu upande wa pili ni chuma chakavu kwetu, hata ikiuzwa kwa bei ya bure. Jambo hili hukaguliwa kwa kulala chini ya gari na kutazama, wala halihitaji kitabu.

La pili ni upana. Ekseli za Hilux za zamani ni nyembamba kuliko magari ya miguu inayojitegemea. Wale wa Marekani walikuta upungufu wa karibu inchi 3, yaani sentimita 7 au 8. Magurudumu ya mbele yakiwa karibu karibu kuliko ya nyuma, ya nyuma hayapiti katika njia iliyokwisha kukanyagwa na ya mbele. Katika matope kila tairi hujichimbia njia yake, na injini hufanya kazi mara mbili. Wako wanaotia vipande vya chuma kati ya rimu na kikombe cha gurudumu ili kuongeza upana. Vipande hivyo huongeza mzigo kwenye beringi, na nati zake zisipokazwa sawasawa gurudumu hutoka. Kwa gari la kubeba watoto, mimi siviafiki.

La tatu ni hesabu ya difu. Wadogo zangu wa kidato cha pili, sikilizeni, maana hii ni hesabu yenu. Difu ya 4.10 maana yake ni kwamba propela huzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Meno ya gia kubwa ni 41, ya ndogo ni 10, gawanya. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Katika wilaya moja niliyofanya kazi, gari la ofisi lilirudi kutoka gereji, ambayo sitaitaja, likiwa na 4.10 mbele na 4.30 nyuma. Kwa kila mizunguko 100 ya propela, magurudumu ya mbele yalitaka kuzunguka mara 24.4 na ya nyuma mara 23.3. Kwenye matope tairi liliteleza likapata nafuu. Kwenye ardhi kavu halikuwa na pa kutelezea, nguvu zote zikarudi kwenye transfa, na transfa ikapasuka. Basi, kabla ya kununua, fungua difu uhesabu meno. Usiliamini neno la muuzaji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

La nne ni bolti za magurudumu. Hilux yetu ina bolti 6 zilizopangwa katika duara la milimita 139.7. Ekseli za Hilux za zamani zina mpango huo huo, na Land Cruiser nyingi za zamani vilevile. Lakini Land Cruiser za mizigo zilizotoka kuanzia mwaka 1999 zina bolti 5 katika duara la milimita 150. Nimemsikia ndugu mmoja akisema tutafute ekseli ya namna hiyo kwa kuwa ni kubwa na haitavunjika. Ni kweli ni kubwa. Lakini hapo mbele utakuwa na rimu za bolti 5, nyuma za bolti 6, na tairi moja la akiba. Tairi hilo litafaa mwisho mmoja tu wa gari. Usiku, porini, na mgonjwa ndani, litafaa mwisho upi?

La tano ni spea. Ekseli bora ni ile ambayo beringi yake, sili yake na bushi yake zinapatikana katika duka la mji wa karibu, na fundi wa karibu amekwisha kuifungua mara nyingi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika ekseli pia, kuna kuchagua kwa haki na kuna kuchagua kwa madaha. Ekseli kubwa isiyo na spea ni madaha.

Mkiyaweka matano hayo pamoja, mtaona jibu linajitokeza lenyewe: tununue jozi, ya mbele na ya nyuma, kutoka gari moja la Hilux la zamani la ekseli ngumu. Upana utakuwa mmoja, hesabu ya difu moja, bolti zile zile, na rimu tulizo nazo zitafaa. Viti vya springi vya ekseli ya nyuma huenda vikahitaji kukatwa na kuchomelewa upya, lakini hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi hodari.

Springi baadaye

Sasa tuje kwenye springi. Njia ziko mbili. Kuna springi za mabapa, yaani vile vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Na kuna springi za koili, za mviringo.

Springi ya bapa hufanya kazi mbili kwa mara moja: hubeba uzito, na huishika ekseli mahali pake isiende mbele wala nyuma, kushoto wala kulia. Springi ya koili hubeba uzito tu. Haiwezi kuishika ekseli. Kwa hiyo ukitaka koili, huna budi kutia mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye chesesi kuishika ekseli isirudi nyuma, na fimbo moja ya kukingama kuizuia isiende upande. Range Rover ilianza hivyo mwaka 1970, Land Rover ikafuata mwaka 1983, na Land Cruiser za mizigo zilifungwa koili mbele mwaka 1999. Magari hayo hupita vizuri kwenye njia mbaya, na abiria huumia mgongo kidogo kuliko wa mabapa.

Lakini yalipangwa hivyo kiwandani, na wahandisi wenye vipimo. Ile fimbo ya kukingama lazima ilale sambamba na fimbo inayotoka kwenye boksi la stelingi kwenda gurudumuni, na urefu wake ukaribiane nayo. Zisipolingana, kila gari linapozama kwenye shimo stelingi hujigeuza yenyewe mikononi mwa dereva. Vishikio vyote hivyo vikichomelewa nje ya mahali pake hata kwa vidole viwili, gari limeharibika. Kwa gereji zilizo karibu nasi, nasema tufunge mabapa.

Basi bapa gumu kiasi gani? Hapa ndipo sheria ya Hooke, ambayo wanafunzi wameifundishwa, inapotoka darasani na kuingia gereji. Springi huzama kadiri ya uzito inaobeba. Tuchukue mfano. Tuseme mbele ya gari kuna kilo 900 kwenye mizani. Toa ekseli na magurudumu, tuseme kilo 200, kwa kuwa springi haivibebi hivyo. Zimebaki 700, kila springi inabeba 350. Springi inayozama sentimita moja kwa kila kilo 35 itazama sentimita 10. Gari litakaa vizuri, na springi itakuwa na nafasi ya kupanda na kushuka. Sasa funga springi ya gari zito zaidi, inayotaka kilo 70 kwa kila sentimita. Itazama sentimita 5 tu. Gari litaonekana limenyanyuka, vijana watafurahi, lakini litarukaruka kama mbuzi, na gurudumu likiwa hewani halina breki wala stelingi. Kwa hiyo, kabla ya kununua springi, tulipeleke gari kwenye mizani, likiwa tupu na likiwa na mzigo wake wa kawaida. Tununue kwa uzito, si kwa kimo.

Juu ya kimo nitasema neno moja. Tunyanyue kiasi cha kuipa ekseli nafasi ya kupanda bila kugonga injini, basi. Kila sentimita ya ziada huupandisha uzito wa gari juu, na gari la kimo kirefu hupinduka upesi kwenye kona, hasa wakiwa wamepanda watu nyuma.

Na tairi vilevile. Tairi letu la sasa lina kipenyo cha karibu sentimita 73. Wako wanaotaka tairi za lori dogo, za 7.50-16, ambazo hukaribia sentimita 80. Ongezeko hilo ni karibu asilimia 10. Difu ya 4.10 itafanya kazi kana kwamba ni 3.74; injini itachoka kwenye mlima. Na saa ya mwendo ikionyesha 80, gari litakuwa linakwenda karibu 88. Anayetaka tairi hizo atafute na difu yenye hesabu kubwa zaidi, mbele na nyuma. Mimi nashauri tubaki na tairi tulizo nazo.

Yasiyoonekana

Ndugu zangu, ekseli na springi huonekana. Yanayoua ni yasiyoonekana.

Tazameni baiskeli. Uma wake wa mbele umelala nyuma kidogo kwa juu. Ndiyo maana ukiachia mikono inakwenda sawa. Gari nalo ni vivyo hivyo: mstari unaopita katika beringi ya juu na ya chini ambapo gurudumu hugeukia, yafaa ulale nyuma nyuzi 3 hadi 5 hivi. Fundi asiyejua akiona pua ya difu imeelekea chini na jointi ya propela imepinda mno, huizungusha ekseli ili pua ipande. Propela inapona, lakini uma umesimama, na gari litayumbayumba barabarani. Palipo na haja ya vyote viwili, vichwa vya ekseli hukatwa na kuzungushwa peke yake. Hiyo si kazi ya kukisia. Ni kazi ya kipimo cha nyuzi.

Mipira ya breki lazima iwe mirefu ya kutosha hata ekseli inaponing'inia yote. Ipimwe gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yamening'inia, stelingi imekatwa upande hadi mwisho, kulia kisha kushoto. Shokomzoba nazo zipimwe vivyo hivyo, chini kabisa na juu kabisa. Ekseli inapopanda ikomee kwenye mpira wa kuzuia, si kwenye shokomzoba. Na kule nyuma kipo kifaa kinachopunguza nguvu ya breki gari likiwa tupu. Kimeunganishwa na ekseli kwa kijiti. Gari likinyanyuliwa, kifaa hicho hudhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma hudhoofika hata likiwa na magunia kumi. Kirekebishwe.

Yu-bolti za springi ziwe mpya, zisirudiwe za zamani, na zikazwe tena baada ya kilometa mia chache. Mwisho, mkaguzi wa magari na kampuni ya bima waarifiwe. Gari lililobadilishwa kimyakimya likipata ajali, shule ndiyo itakayojibu.

Shauri langu

Naomba mkutano huu ukubali mambo manne. Moja, tununue jozi ya ekseli kutoka gari moja, baada ya kupima upande wa difu, upana, meno na bolti. Mbili, tufunge springi za mabapa zilizochaguliwa kwa mizani. Tatu, kimo kiwe kidogo iwezekanavyo, na tairi zibaki zile zile. Nne, fedha zote za kazi, pamoja na stelingi, breki na ukaguzi, ziwe mkononi kabla hatujalegeza nati ya kwanza.

Hilo la nne ndilo ninalolisisitiza zaidi. Ikiwa michango haitafikia, basi tusianze. Tununue bol jointi mpya, viungo vipya na mipira mipya, tuifunge miguu tuliyo nayo vizuri, na gari litaendelea kutuhudumia. Si aibu. Gari la miguu inayojitegemea lililo zima ni bora mara mia kuliko gari la ekseli ngumu lililofungwa nusu. Nimeona magari ya namna hiyo nyuma ya gereji nyingi, chesesi imekwisha kukatwa, fedha zimekwisha, na nyasi zimeota katikati ya magurudumu.

Na ninyi wadogo zetu, kazi mnayo. Kupima upana wa ekseli, kuhesabu meno ya difu, kukadiria mzigo wa springi, yote hayo mnayaweza kwa elimu mliyo nayo sasa. Namwomba Mkuu wa Shule, siku ya kupima itakapofika, awaruhusu wanafunzi wa fizikia waje na madaftari yao. Vipimo vyao na vya fundi vilinganishwe. Visipolingana, kazi isimame mpaka ijulikane nani amekosea.

 Niko tayari kwa maswali.